Muhula wa mwenyekiti wa kijiji: nani mwenye haki ya kuurefusha?

Januari 2024, kwa mara ya pili katika muda usiozidi mwaka mmoja, wenyeviti wa vijiji na wa parishi nchini Uganda waliongezewa siku 180 za kukaa madarakani. Waliochaguliwa Julai 2018 walipewa miaka 5. Miaka hiyo ilitimia Julai 2023, uchaguzi haukufanyika, na Waziri wa Serikali za Mitaa, Raphael Magyezi, akatangaza nyongeza ya kwanza. Siku hizo zilipokwisha Januari 2024, ikafuata ya pili.

Kwa mkazi wa gombolola ya Karusandara, wilayani Kasese, nyongeza hiyo haikuonekana kwa macho. Mwenyekiti alikuwa yuleyule, muhuri ulikuwa uleule, na barua ya utambulisho iliandikwa kama ilivyoandikwa mwaka uliotangulia. Hata hivyo swali lililo nyuma yake si dogo. Mtu aliyechaguliwa kwa miaka 5 anapoingia mwaka wa 6, anaongoza kwa idhini ya nani?

Mahakama za Uganda zimekwisha kulijibu swali hilo mara moja, kwa kuhusu mabaraza ya ngazi za juu. Zilikataa muhula urefushwe na watu wasioutoa. Kijijini, ambako serikali hukutana na mwananchi uso kwa uso, jibu hilo bado halijafika.

Kura ya Desemba 2017

Muhula wa mabaraza ya serikali za mitaa umebadilishwa zaidi ya mara moja. Katiba ya mwaka 1995 ilitaka mabaraza hayo yachaguliwe kila baada ya miaka 4. Marekebisho ya mwaka 2005, yaliyokwenda sambamba na kurejea kwa mfumo wa vyama vingi, yaliufanya muhula kuwa miaka 5, sawa na wa rais na wa wabunge.

Jaribio lililotikisa nchi lilikuja mwaka 2017. Mswada uliofahamika zaidi kwa suala la umri wa rais ulipelekwa bungeni na Magyezi, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Igara Magharibi. Wabunge walipewa shilingi milioni 29 kila mmoja ili wakazungumze na wapiga kura wao juu ya mswada huo. Waliporudi Kampala na mjadala ukapamba moto, kikaongezwa kipengele ambacho hakikuwamo katika mswada wa awali: muhula wa bunge uwe miaka 7 badala ya 5, na muhula wa mabaraza ya serikali za mitaa vilevile.

Tarehe 20 Desemba 2017 wabunge walipiga kura ya wazi. Waliounga mkono mswada walikuwa 317, waliopinga 97. Rais Yoweri Museveni akautia saini siku chache baadaye. Nyongeza ya miaka 2 haikuwekwa kwa ajili ya watakaochaguliwa baadaye tu. Iliwahusu pia waliokuwa wamekalia viti siku ile. Diwani aliyechaguliwa mwaka 2016 akijua kwamba angerudi kwa wapiga kura mwaka 2021, aliamka akiwa na ruhusa ya kukaa hadi 2023.

Tarehe 26 Julai 2018, Mahakama ya Katiba iliyoketi Mbale ilitoa hukumu yake. Kuhusu umri wa rais majaji waligawanyika, 4 wakikubali na 1 akikataa. Kuhusu nyongeza ya muhula hapakuwa na mgawanyiko: majaji wote 5 waliitupa nje, ya wabunge na ya mabaraza pamoja. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, hukumu ya Aprili 2019 ililiacha suala la umri kama lilivyokuwa, kwa kura 4 dhidi ya 3, na miaka 7 haikufufuka.

Matokeo ya hukumu hiyo yalionekana hata Karusandara. Mwaka 2021 wakazi walipiga kura ya kumchagua mwenyekiti wa gombolola, madiwani, na mwenyekiti wa wilaya ya Kasese. Laiti nyongeza ya miaka 2 ingesimama, kura hiyo isingepigwa mwaka huo.

Ngazi ambayo hukumu haikuifikia

Kwa nini basi muhula wa mwenyekiti wa kijiji unaweza kurefushwa kwa tangazo la waziri, ilhali ule wa diwani wa gombolola haukuweza kurefushwa hata kwa kura 317 za bunge?

Jibu limo katika mgawanyo ambao wananchi wengi hawaujui. Kisheria, serikali za mitaa ni wilaya na gombolola, pamoja na vyombo vya miji vya ngazi hizo. Kijiji na parishi havihesabiwi kuwa serikali za mitaa. Huitwa vitengo vya utawala. Katiba inapoagiza kwamba mabaraza ya serikali za mitaa yachaguliwe kila miaka 5, agizo hilo linaikinga gombolola moja kwa moja. Kijiji kinategemea sheria ya kawaida ya bunge, na sheria ya kawaida ina milango mingi zaidi kuliko katiba.

Mgawanyo huu unaeleweka kwa mwanasheria. Kwa mwananchi umekaa kichwa chini, miguu juu. Mkazi wa Karusandara anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumwona mwenyekiti wa wilaya, lakini hawezi kumaliza mwaka bila kumhitaji mwenyekiti wa kijiji. Ngazi anayoihitaji zaidi ndiyo iliyopewa kinga hafifu zaidi.

Lipo pia jambo la pili ambalo husahauliwa. Baraza la kijiji si wale watu 10 wanaokaa mezani. Hao ni kamati tendaji tu. Baraza lenyewe ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo muhula wa kamati unaporefushwa, wenye baraza ni wakazi wote, na wakazi hao hawakuulizwa.

Miaka 17 kati ya kura na kura

Anayedhani kwamba siku 180 ni kitu cha kupita, na atazame nyuma. Mabaraza haya yalizaliwa katika vita vya msituni vya miaka ya 1980, yakaenea nchi nzima baada ya NRM kuchukua madaraka mwaka 1986. Wakati huo yaliitwa mabaraza ya upinzani, na kwa wengi yalikuwa mara ya kwanza kumchagua kiongozi wa kijiji kwa hiari, badala ya kuletewa chifu kutoka juu.

Uchaguzi wa vijiji ulifanyika mwaka 2001. Mwaka 2005, kwa kura ya maoni ya tarehe 28 Julai, Waganda waliukubali tena mfumo wa vyama vingi. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Rubaramira Ruranga, iliamua kwamba kamati za vijiji na parishi zilizoundwa kwa misingi ya mfumo wa zamani haziafikiani na katiba ya vyama vingi. Ilitarajiwa kwamba uchaguzi mpya ungefuata mara moja. Badala yake zilifuata tarehe zilizotangazwa na kuahirishwa, kesi mahakamani, na maelezo kwamba fedha hazipo. Kura ilipigwa tarehe 10 Julai 2018.

Ilikuwa miaka 17. Kijana aliyetimiza umri wa miaka 18 mwaka 2002 alimchagua mwenyekiti wake wa kwanza akiwa na miaka 34. Baadhi ya wenyeviti walikuwa wamefariki, wengine wamehama, na nafasi zao zikashikwa na makaimu ambao hakuna aliyewapigia kura.

Hakuna aliyepanga kwamba ahirisho la mwaka 2006 lingefika mwaka 2018. Kila ahirisho lilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilionekana ya muda. Ndiyo maana nyongeza mbili za siku 180 ziliwatia watu wasiwasi hata kama kila moja, ikitazamwa peke yake, ilikuwa fupi.

Muhuri katika ardhi yenye ugomvi

Karusandara iko katika uwanda wa chini, kaskazini-mashariki mwa mji wa Kasese, kati ya milima ya Rwenzori na Ziwa George. Ni ardhi ya malisho na ya mashamba kwa pamoja. Wasongora huchunga ng'ombe. Wakonzo wanaoteremka kutoka milimani hulima. Wapo Wanyabindi, Watoro na wengine. Mito inayotoka Rwenzori huleta rutuba, na mvua zikizidi huleta mafuriko yanayofuta mipaka ya mashamba.

Ugomvi wa ardhi katika eneo la Busongora ni wa miaka mingi. Ulipanda daraja mnamo 2006 na 2007, wafugaji wa Kisongora walipotimuliwa kutoka upande wa Kongo, wakaingia na mifugo yao katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Serikali ililazimika kuwatafutia ardhi wafugaji na wakulima ndani ya wilaya hiyohiyo. Malalamiko kuhusu nani alipata nini hayajakwisha hadi leo.

Katika mazingira kama hayo, muhuri wa mwenyekiti wa kijiji ni kitu kizito. Mtu anapouza nusu ekari, mwenyekiti na kamati yake ndio mashahidi wanaotafutwa kwanza. Kamati ya kijiji pia ni mahakama: Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya mwaka 2006 inaipa uwezo wa kusikiliza madeni, kuvamiwa kwa mali, na mashauri ya mila. Rufaa huenda parishi, kisha gombolola, kisha kwa hakimu mkuu. Migogoro ya ardhi yenyewe sheria inaielekeza kuanzia kwenye baraza la parishi.

Hebu tumfikirie mkulima aliyenunua kipande cha ardhi Agosti 2023, baada ya miaka 5 ya mwenyekiti kutimia. Karatasi yake ina muhuri. Miaka 10 ikipita, muuzaji akafariki na watoto wake wakadai ardhi, wakili wao hatauliza kama fedha zililipwa. Atauliza kama aliyepiga muhuri alikuwa na madaraka siku ile. Huenda mkulima akashinda, maana nyongeza ya waziri ipo kwenye maandishi. Lakini atashinda baada ya kulipa nauli, wakili na miezi ya kusubiri. Tajiri anaweza kuubeba mzigo huo. Maskini huiacha ardhi.

Funzo la miaka ya 2007 hadi 2018 ni hilohilo. Kamati ziliendelea kusikiliza mashauri kwa sababu watu waliendelea kugombana, lakini aliyeshindwa kijijini alikuwa na silaha mkononi: kudai kwamba waliomhukumu hawakuwa na mamlaka.

Sasa limeongezeka suala la fedha. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Februari 2022, unakusudia kupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, na mkazi anaweza kukopa hadi shilingi milioni 1. Fedha zinapoteremka hadi chini namna hiyo, mwenye kujua nani ni mkazi halisi na nani si mkazi ana nguvu kubwa. Nguvu hiyo inahitaji mtu anayejua kwamba atarudi kuomba kura, na anajua ni lini.

Wasemaji wa Kiswahili na barua ya utambulisho

Kwa wasikilizaji wetu wa Kasese na Bwera jambo hili lina uzito wa pekee. Kiswahili kilikita mizizi huku kupitia migodi ya shaba ya Kilembe, reli iliyofika Kasese mwaka 1956, kambi za jeshi, na biashara ya mpakani Mpondwe. Wengi wanaokitumia nyumbani ni wazawa wa watu waliotoka mbali, au wana ndugu upande wa pili wa mpaka. Wanapoomba kitambulisho cha taifa au pasipoti, ndio huulizwa maswali mengi zaidi: babu yako alizikwa wapi, ulifika lini, nani anakufahamu.

Jibu la kwanza la maswali hayo ni barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kwa mtu ambaye jina lake na lahaja yake havimtambulishi na kabila la eneo, barua hiyo ndiyo kinga yake. Ikitiwa shaka, yeye huathirika kabla ya jirani yake.

Usalama nao umo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mwenyekiti wa kijiji ndiye anayetarajiwa kuwa wa kwanza kumjua mgeni aliyelala kijijini. Muhula wa wenyeviti hao ulifikia kikomo chini ya mwezi mmoja baada ya shambulio hilo. Wakati ambapo mamlaka ya kijiji ilihitajika iwe thabiti kuliko wakati wowote, ndipo ilipoanza kuhesabiwa kwa siku.

Hoja ya serikali, na mpaka wake

Hoja ya upande wa pili ni nzito. Mwaka 2018 vijiji vilivyopiga kura vilikuwa zaidi ya 60,000, na kuandaa uchaguzi wa namna hiyo kunahitaji fedha ambazo Tume ya Uchaguzi husema haikupewa. Muhula ukiachwa ufe bila nyongeza, kijiji kitakosa mtu wa kuandika barua, wa kusikiliza kesi, wa kuwaita polisi. Nyongeza, kwa mtazamo huo, ni daraja la muda juu ya shimo, na bora daraja la miti kuliko kutumbukia.

Wenyeviti wenyewe hawapati raha kubwa. Posho yao ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Wapo wanaofanya kazi hii kwa moyo, na wapo ambao wangependa kuipumzisha mikono.

Lipo pia swali la namna ya kupiga kura. Uchaguzi wa 2018 ulifanyika kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Ni njia nafuu, na hesabu yake kila mtu anaiona. Lakini Kasese ni wilaya yenye majeraha, yakiwamo ya Novemba 2016, vikosi vya usalama vilipovamia kasri la mfalme wa Rwenzururu na watu zaidi ya 100 kuuawa. Mahali kama hapo, kusimama nyuma ya mtu mbele ya majirani wote ni jambo ambalo laweza kukumbukwa kwa miaka. Anayedai uchaguzi Karusandara hana budi kukiri kwamba uchaguzi nao una gharama zake.

Pamoja na hayo yote, hoja ya fedha ina mpaka wake. Tarehe ya Julai 2023 haikuwa siri. Ilijulikana tangu siku kura zilipohesabiwa, miaka 5 kabla. Nyongeza inaweza kuwa dawa ya tukio lisilotarajiwa, kama vita au tauni. Inapotumiwa kwa tukio lililojulikana miaka 5 mapema, inakuwa njia ya kubadilisha muhula bila kusema kwamba muhula umebadilishwa. Na kwa maana moja njia hiyo imewapa wananchi nafasi ndogo kuliko ile ya Desemba 2017. Wakati ule walau majina ya wabunge yalisomwa, kila mmoja akajulikana alisimama upande gani, na wananchi wakapata kitu cha kupeleka mahakamani.

Ratiba peke yake, ni kweli, haitoshi. Tanzania imeshika desturi ya kuchagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa kila miaka 5, na mwaka 2024 ilikuwa zamu yake tena. Lakini mwaka 2019 chama kikuu cha upinzani kilijitoa baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, na CCM ikatwaa karibu viti vyote. Tarehe iliheshimiwa, ushindani haukuwapo. Hata hivyo mwananchi wa huko ana jambo moja ambalo mwenzake wa Karusandara hana: anajua mwaka ambao mwenyekiti wake atasimama tena mbele yake.

Njia zilizopo

Bunge linaweza kuiweka kinga ya kijiji mahali pamoja na ya gombolola, kwa kuandika wazi kwamba kamati za vijiji na parishi zitachaguliwa kila miaka 5, na kwamba nyongeza, ikibidi, itakuwa moja tu, kwa kura ya bunge, na kwa sababu zitakazotajwa. Fedha za uchaguzi huo zinaweza kutengwa kidogokidogo kila mwaka wa bajeti, badala ya kutafutwa zote mwaka wa mwisho. Na uchaguzi wa vijiji unaweza kufungamanishwa na ratiba ya uchaguzi mkuu, ili usiwe mtoto wa kambo wa kalenda.

Nyongeza ya pili ilipangwa kufika mwisho wake katikati ya mwaka 2024. Hata hivyo, wakazi wa Karusandara wana haki moja ambayo hakuna tangazo lililoiondoa: wao ndio baraza. Wanaweza kutaka mkutano wa kijiji uitishwe, kamati itoe hesabu ya kazi yake, orodha ya mashauri yaliyoamuliwa isomwe, na mauziano ya ardhi yaliyopigwa muhuri tangu Julai 2023 yaandikwe katika daftari mbele ya mashahidi. Hilo halichukui nafasi ya kura. Lakini aliyenunua nusu ekari yake kwa haki atakuwa na majirani wa kumshuhudia, siku wakili atakapouliza muhuri ule ulipigwa kwa mamlaka ya nani.